Swichi Iliyo Mbali na Mlango

9 Februari

Wifi yangu,

Hujambo huko uliko? Sisi tupo, tunasukuma siku. Mama yako goti linamsumbua, hasa asubuhi, lakini mdomo wake mzima kabisa. Juzi kamfukuza muuza sabuni mlangoni kwa maneno ambayo siwezi kuyaweka kwenye karatasi. Kitinda mimba wangu amepanda darasa. Mwanangu Mkubwa naye yupo, anahangaika huku na huku kutafuta kazi. Mimi nimerudi chumba cha kufulia hospitalini. Wenzangu walinipa mashine ya kupiga pasi mashuka, eti nisiinue ndoo nzito kwa sasa. Wema wao naushukuru, ila kila nikigeuka nawakuta wananiangalia, kisha wanaangalia sakafu.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Wifi, mimi simu siiwezi tena. Tangu siku ile waliponipigia kutoka kazini kwa kaka yako, ikilia tu mwili wote unakufa ganzi. Nimeizima, nimeifungia kabatini. Ukitaka kunipata, andika. Ukitaka kunicheka, nicheke pia, sitakasirika.

Sasa lililonishikisha kalamu. Kampuni ilituita ikatusomea ripoti. Mpaka siku hiyo nilikuwa sijaelezwa sawasawa kaka yako alivyokufa, kila mtu ananipa nusu nusu. Alifungua mlango wa lifti wa chini kabisa, akashuka kwenye shimo lililo chini ya lifti kukagua. Swichi ya kuizima lifti iko ukutani, upande wa pili wa shimo, kwa hiyo lazima uingie ndipo uifikie. Mlango ukajifunga wenyewe nyuma yake kwa uzito wake. Mlango ukiwa wazi lifti haitembei, lakini ukishafungwa, kwa lifti hakuna tatizo lolote. Mtu akabonyeza kitufe, nayo ikashuka. Ripoti inasema ni uzembe wa fundi, kwamba alipaswa kuweka kabari kuuzuia mlango. Kaka yako, mtu aliyekuwa hawezi kulala mpaka akague jiko mara mbili, leo ndiye mzembe!

Nikamuuliza msimamizi wao: kwa nini swichi isikae karibu na mlango, mtu aizime kabla hajatia mguu? Akanijibu kwamba lifti imetengenezwa kwa kufuata kiwango cha kimataifa, haina kosa. Lakini moyoni nikasema, hicho si ndicho kiwango ambacho wifi yangu ni katibu wa kamati inayokiandika? Kaka yako alikuwa hachoki kututania: "Dada yangu anaandika sheria za lifti, mimi nazitii kwa magoti." Na yeye ndiye aliyekupandisha chumba cha mitambo ukiwa na sare ya shule, ukarudi nyumbani unasema utakuwa injinia.

Basi nakuomba bila kupindapinda. Ibadilisheni hiyo kanuni. Swichi ikae mlangoni.

Mimi, mke wa kaka yako


2 Machi

Wifi yangu mpenzi,

Barua yako niliisoma nimesimama, koti sijavua. Nimefurahi kuuona mwandiko wako, hata kama ni mbaya vile vile kama zamani. Mwambie mama ile dawa ya kuchua niliyomtumia ni ya goti lake yeye, si ya kuwagawia majirani. Mpongeze mtoto kwa kupanda darasa. Mimi ni mzima. Baridi imepungua, na nimehamishwa chumba kazini, sasa nina dirisha linalotazama ukuta wa jirani.

Nimelia, sitaki kukuficha. Ile ripoti sikuwa nimeisikia.

Ndiyo, katibu wa kiwango hicho ni mimi. Lakini usidhani nina nguvu. Katibu ni kalamu ya watu. Naitisha vikao, napokea maoni ya nchi zote, nayapanga kifungu baada ya kifungu, naandika walichoamua. Sipigi kura, wala siruhusiwi kusema "mimi naona." Hata nikitaka kuhamisha mkato mmoja tu, lazima kuwe na nchi iliyoomba.

Lakini kuna njia. Kila baada ya miaka mitano kiwango hupitiwa upya, na mapitio ya safari hii yamefunguliwa mwezi uliopita. Maoni hayatoki kwa mtu, yanatoka kwa nchi. Nenda shirika la viwango la hapo kwenu, uliza kamati ya lifti. Wape mambo matatu: kifungu gani, sababu gani, na maneno gani mnataka yaandikwe. Hilo la tatu usilisahau. Pendekezo lisilo na maneno yake linawekwa kando, hata kama sababu yake inaliza jiwe. Mwisho wa kupokea ni Juni.

Usimtaje kaka kwa jina. Wala usiseme kuwa mimi na wewe ni mawifi. Mwenyekiti wetu nitamweleza mimi mwenyewe.

Kuna jambo nilitaka kuongeza hapa, nimelifuta. Fanya hilo la shirika kwanza.

Wifi yako wa mbali


20 Aprili

Wifi,

Habari za hilo dirisha lako la ukuta? Huku mvua, na nguo za hospitali hazikauki, mashine zinanguruma mchana kutwa mpaka nikifika nyumbani naongea kwa kupiga kelele. Mama anasema nimeanza kumgombeza. Dawa amegawa yote, usitume nyingine.

Nilikwenda. Mlinzi getini akaniuliza nimekuja kumshtaki nani. Nikamjibu, "Lifti." Akaniangalia, akanionyesha ngazi. Huko juu nikapelekwa kwa mama mmoja wa makamo anayeitwa na wenzake Mama Mizani, kwa sababu alianzia kazi kwenye ukaguzi wa mizani za sokoni. Ofisi yake imejaa makabrasha mpaka kiti cha mgeni. Aliyaondoa, nikakaa, nikampa karatasi zangu.

Wifi, nilikuwa nimeandika kurasa nne, mbele na nyuma. Nilianzia tulipooana. Nikaandika jinsi alivyoitwa Ghorofa na mafundi wenzake kwa sababu ya ule ufupi wake, na jinsi alivyokuwa akirudi amebeba funguo zake kiunoni, tunamsikia kabla hajagonga. Nikaandika kila kitu. Mama Mizani alisoma yote, hakuruka. Kisha akavua miwani akaifuta.

"Dada yangu," akasema, "hii ni tanzia. Mimi nahitaji maoni."

Tukaanza kupunguza. Kila nikisema hilo ni muhimu, ananijibu kwa upole kwamba ni muhimu kwangu, lakini wajumbe hawatakuwa na la kulipigia kura. Tulivyomaliza ilibaki hivi: Swichi ya kusimamisha lifti iwekwe mahali ambapo mtu ataifikia akiwa bado amesimama mlangoni. Sababu: fundi mmoja amefariki.

Basi. Mume wangu amekuwa "fundi mmoja." Nilitoka pale nimefurahi na nimevunjika kwa wakati mmoja, nikapitiliza njia ya kwetu mpaka nikajikuta karibu na soko.

Kamati yao ilikaa wiki iliyopita, imekubali. Maoni hayo yapo njiani kuja kwako.

Mkubwa amepata kazi. Ufundi ufundi tu, anarudi amechoka. Na swali moja: ikipita, watakuja lini kuzihamisha swichi kwenye yale majengo? Itakuwa mwaka huu huu?

Mke wa kaka yako


28 Mei

Wifi yangu,

Maoni yamefika! Nimeyaona kwenye orodha ya nchi, yakapata namba yake, yakapangwa kwenye kifungu cha shimo. Nilipoyasoma niliifunga kompyuta nikaenda kunawa uso. Mama Mizani ni mwandishi mzuri kuliko wajumbe wetu wengi. Msalimie bila kunitaja.

Nimeongea na mwenyekiti. Ni mzee mmoja aliyestaafu kazi za mitambo, ana kikohozi cha kudumu na anapenda watu wafike mapema. Nilimwambia kwamba fundi aliyetajwa katika maoni yale ni kaka yangu wa tumbo moja. Alikohoa, akasema, "Huna kura, kwa hiyo baki. Ila siku hiyo usinywe chai kabla ya kikao, mikono itatetemeka." Sikujua kama ananitania. Nadhani naye aliwahi kufiwa.

Kikao ni Septemba. Kazi imenizonga. Maoni ni mengi: kuna nchi inalalamikia mwanga wa taa, nyingine upana wa kamba, nyingine inataka neno moja libadilishwe kila lilipo. Nayapanga yote kwa usawa, hayo ya kwetu siyagusi zaidi ya mengine. Hilo ndilo gumu kuliko yote.

Mama goti vipi? Asiache kutembea kidogo kidogo. Na Mkubwa ni fundi wa nini? Mwambie amwandikie shangazi yake, hata mstari mmoja. Alivyokuwa mdogo alikuwa ananichorea magari.

Wifi yako


11 Julai

Wifi,

Sisi wazima. Mama anatembea mpaka kwa jirani, anarudi na umbea wa wiki nzima. Kitinda mimba amevunja bakuli langu la kioo, tumepatana.

Swali langu hukulijibu. Nilikuuliza zitahamishwa lini, wewe ukanijibu goti. Najua una kazi nyingi, lakini hilo ndilo ninalolisubiri. Nilipita pale kwenye jengo lile wiki iliyopita. Wamepaka rangi ukumbi wa chini, wameweka na ua la plastiki. Lifti inapanda na kushuka kama kawaida. Nilisimama nje nikaitazama kupitia kioo mpaka mlinzi akaja kuniuliza namtafuta nani.

Mkubwa anasema atakuandikia. Hana nafasi. Anaondoka alfajiri. Ovaroli zake nazifua mimi, grisi haitoki, nimejaribu mpaka na sabuni ya hospitali.

Nijibu, wifi.

Mke wa kaka yako


6 Oktoba

Wifi yangu,

Nisamehe kwa kimya. Natumaini mama, wewe na watoto hamjambo. Mimi nilikuwa na mafua baada ya kikao, nikalala siku kadhaa. Nadhani hayakuwa mafua peke yake.

Imepita.

Ngoja nikueleze, maana haki yako ni kujua. Ukumbi ni mrefu, hauna madirisha. Kila mjumbe ana kibao cha jina la nchi yake na kipaza sauti chenye taa nyekundu. Maoni yanaonyeshwa ukutani, na katibu ndiye anayeyasoma kwa sauti. Katibu ni mimi. Tuliyafikia ya kwenu baada ya mapumziko ya mchana, watu wameshiba na wamelegea. Sikuwa nimekunywa chai. Nikasoma. "Sababu: fundi mmoja amefariki." Nilisoma kwa sauti ile ile niliyosomea upana wa kamba. Wifi, sijui niliipata wapi.

Mjumbe mmoja mwenye tai ya kipepeo akawasha taa yake. Akasema anasikitika, lakini hilo ni kosa la binadamu, fundi angeweka kabari tusingekuwa na mjadala. Na mimi kazi yangu ni kuandika kilichosemwa. Niliandika. Niliandika "kosa la binadamu" juu ya kaka yangu, kwa mkono wangu, na nikahakikisha nimeandika sawasawa. Nilitamani kusimama niwaambie alikuwa anakagua jiko mara mbili.

Ndipo mama mmoja wa upande wa pili wa meza, ambaye miaka yote sijawahi kumsikia akisema zaidi ya asante, akawasha taa yake. "Kwetu wamekufa wawili," akasema. "Mmoja wao kabari aliiweka. Iliteleza."

Mwenyekiti akauliza kama kuna anayepinga. Kwetu anayenyamaza amekubali, ndivyo kamati zetu zinavyofanya kazi. Yule wa tai aliitazama glasi yake ya maji. Mwenyekiti akakohoa, akasema, "Limekubaliwa. Katibu, andika."

Nikaandika. Kisha nikaomba ruhusa, nikaenda chooni nikalia mpaka nikaishiwa. Kaka yangu yumo ndani ya kiwango, wifi. Hakuna atakayejua kuwa ni yeye, lakini yumo.

Kura ya mwisho ya nchi zote haitakuwa na tatizo, kiwango kitachapishwa mwakani. Pumzika sasa. Umefanya kazi ambayo wengi wenye digrii hawajaiweza.

Wifi yako


25 Oktoba

Wifi yangu, wifi wa dhahabu!

Barua yako imetufanya vichaa. Nilimsomea mama, akanyanyuka na goti lake akapiga kigelegele kimoja kirefu, majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Kisha akakaa akalia, nami nikalia, mtoto akatushangaa. Huyo mama wa upande wa pili wa meza, mwambie ana ndugu huku. Huyo wa tai Mungu amsamehe, mimi bado.

Sasa naweza kukuambia. Nilikuficha kwa sababu nilijua ungenigombeza, na wewe ukishika ushangazi wako hakuna wa kukuzuia. Mkubwa ameshika kazi ya baba yake. Tangu Machi. Kampuni ile ile, ilimchukua kwa sababu anajua vifaa, na zamu zake ni zile zile za baba yake, pamoja na jengo lile. Nilimkataza, nikamlilia, nikamnunia. Akaniambia, "Mama, ni kazi ninayoijua, na nyumbani hapa mtu mzima ni mimi." Kila akiondoka asubuhi naganda na kikombe mkononi. Ndiyo maana nilikimbilia shirika, ndiyo maana nilikuwa nakusumbua na lile swali. Si kwa ajili ya aliyekwenda tu.

Leo moyo umetua. Ataingia shimoni lakini ataizima kwanza, akiwa mlangoni, kama mlivyoandika. Mama Mizani ameniahidi nakala ya rasimu, kabla haijachapishwa. Nitakwenda na Mkubwa kwa msimamizi wao, tukamwekee mezani, atuambie wanaanza lini.

Jana nililala usingizi, wifi. Nilikuwa nimesahau ulivyo.

Mke wa kaka yako, mwenye furaha


4 Novemba

Wifi,

Mtoe.

Samahani sijakusalimu. Nimepiga simu tangu nilipofungua barua yako, naambiwa haipatikani, na kwa jirani yako sina namba. Barua hii inakuja kwa njia ya haraka. Mtoe mtoto kwenye kazi ile, au angalau asiingie kwenye jengo lile wala lolote la zamani.

Kiwango chetu hakirudi nyuma. Kinahusu lifti zitakazotengenezwa baada ya kuchapishwa. Zilizopo zinabaki zilivyo, labda mwenye jengo apende mwenyewe au serikali imlazimishe. Imeandikwa ukurasa wa kwanza kabisa. Ile lifti itaendelea na swichi yake upande wa pili wa shimo mpaka itakapochakaa na kutupwa, na lifti haichakai upesi, wifi, sisi ndio tulioziandikia zisichakae.

Nilijua tangu barua yako ya kwanza. Hilo ndilo nililolifuta. Uliponiuliza mara ya kwanza nilijifanya sijaliona swali, mara ya pili sikujibu kabisa. Nilidhani unatafuta mahali pa kuupeleka msiba wako, nikaona nikikwambia ukweli nitakunyang'anya hata hicho. Sikujua unamlinda mtu aliye hai. Ungeniambia! Na mimi ningekuambia! Tumehurumiana mpaka tumeumizana.

Mwambie shangazi yake anapiga magoti. Nitamtafutia kazi nyingine, nitamlipia chuo, chochote. Nijibu kwa mstari mmoja tu, ametoka.

Dada wa mume wako


12 Desemba

Wifi yangu,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Mama hajambo, anakusalimu, hajui haya ninayokuandikia. Anaamini swichi zimehamishwa, nami sina moyo wa kumwambia. Unaona jinsi ugonjwa huu wa kufichana unavyoambukiza. Kitinda mimba amefunga shule.

Barua yako ya haraka ilinikuta nimeshajua. Tulikwenda kwa msimamizi, mimi na Mkubwa, na nakala ya Mama Mizani ndani ya bahasha safi. Nilivaa lile gauni langu la harusi za watu. Alisoma kile kifungu, akatingisha kichwa, akasema ni kizuri sana, kimechelewa. Kisha akarudi ukurasa wa kwanza, akaweka kidole chini ya mstari, akanigeuzia karatasi nisome mwenyewe. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Mkubwa alinishika mkono tukatoka.

Nilikukasirikia, wifi, nisikudanganye. Siku nyingi nilikuwa nikishika kalamu naiweka chini. Nilisema, huyu amekaa mezani na hao wakubwa, ameniacha nishangilie bure na mama mkwe mwenye goti bovu. Halafu nikakumbuka kwamba na mimi nilikuwa nakuandikia "ufundi ufundi tu." Kwa hiyo hasira bado ninayo, lakini nimeigawa, nusu yako nusu yangu. Niache nayo kidogo. Itapoa.

Mkubwa hakutoka. Nilimsomea barua yako yote, na pale pa kupiga magoti aliinamisha kichwa. Akasema, "Mwambie shangazi ninamshukuru. Lakini lifti zile zitakaguliwa tu, mama. Nikitoka mimi ataingia mtoto wa mwingine." Ni maneno ya baba yake kabisa, mpaka nikataka kumzaba kibao.

Basi nikamuuliza zamani ilikuwaje, kabla ya haya. Akaniambia zamani walikwenda wawili. Mmoja shimoni, mwingine anasimama mlangoni kuuzuia usifunge. Kampuni ikaona mtu wa kusimama tu hana kazi, ikamwondoa. Hilo halimo katika ripoti waliyotusomea.

Nimeomba zamu ya mchana hospitalini. Asubuhi nakwenda naye. Msimamizi alikataa, nikamsikiliza mpaka akamaliza kukataa, kisha nikaenda. Siku ya tatu akaacha kusema. Nasimama kwenye mlango wa chini, mgongo kwenye fremu, mguu kwenye mlango. Unasukuma kweli kweli, sikujua ni mzito kiasi kile. Watu wanaotaka kupanda wananiangalia, wengine wananitukana. Kuna mama mmoja wa ofisi ya juu aliniuliza mimi ni nani hata niwazuilie lifti yao. Nikamwambia ngazi zile pale.

Kutoka pale juu simwoni vizuri, naona taa yake tu inatembea na nasikia funguo zake. Kila baada ya muda ananiita.

"Mama, upo?"

"Nipo."

Kisha anaendelea na kazi.

Mke wa kaka yako